Wanafunzi ni watu wazima, kitabu ni cha watoto

SWALI

Wapendwa wa safu ya ushauri, habari za kazi.

Sikusomea ualimu. Nimejitolea tu kufundisha kusoma na kuandika kundi la watu wazima, mara mbili kwa wiki, kila kipindi saa moja na nusu. Tulianza na kitabu cha darasa la kwanza kwa sababu ndicho kilichopatikana. Miezi minne imepita na naona tunatwanga maji kwenye kinu.

Kitabu kimejaa watoto wanaocheza mpira na paka aliyelala juu ya kiti. Walikuwa saba, wawili wameacha kuja. Mmoja aliniambia bila kuficha kwamba mjukuu wake anasoma kitabu hicho hicho na amemcheka.

Kati ya watano waliobaki, yuko mzee anayesoma ukurasa mzima bila kukwama, kumbe ameukariri. Siku moja nilifungua ukurasa wa 9, yeye akasoma wa 8. Yuko kaka anayejua silabi zote, lakini ukimpa neno "hatukumwambia" atasema ha-tu-ku-mwa-mbi-a, akifika mwisho ananitazama, hajui amesoma nini. Yuko mama anayesoma vizuri tu, ujumbe wa simu na matangazo, ila ukimpa kalamu anasema mkono umekufa ganzi. Akijikaza anaandika hivi: "nime kuja leo kwasababu nili ambiwa". Wawili wa mwisho ndio wanaoanza kabisa, na mmoja wao husukuma daftari mbali kama analikimbia.

Nilicho nacho ni ubao, simu, rimu moja ya karatasi, karatasi chache za manila, makapeni, na printa ndogo ambayo wino wake siwezi kuuchezea. Ninunue kitabu gani? Kama hakipo, nitengeneze nini, kwa ukubwa gani, nianzie wapi? Na wale wawili nitawarudishaje?

Dada yenu,
Mwalimu wa Jioni

JIBU

Dada Mwalimu wa Jioni, pole na kazi. Na hongera kwa kumgundua mzee mapema, maana anayekariri vizuri huweza kumaliza mwaka mzima akipigiwa makofi.

Kitabu usinunue kwanza. Watu wako watano wamekwama mahali panne tofauti, na hakuna kitabu kimoja kitakachowafikia wote. Tatizo la kitabu cha darasa la kwanza si urahisi wake, kwa sababu urahisi ndio unaoutafuta. Tatizo ni kwamba kilitungwa kwa mtu ambaye bado anajifunza herufi na dunia kwa pamoja. Mtu mzima dunia anaijua, na maneno anayo maelfu kinywani. Kwa hiyo unachotengeneza kiwe chepesi kwa umbo (sentensi fupi, silabi zinazojulikana, maandishi makubwa), lakini kinachosemwa humo kiwe cha mtu anayelipa madeni na kulea familia.

Kabla ya kugusa karatasi, macho. Huyo anayesukuma daftari mbali huenda tatizo lake si herufi. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, na vitu vya karibu huanza kuwa na ukungu. Mpime hivi: andika mstari mmoja ubaoni kwa herufi kubwa, kisha mstari mwingine wa silabi zile zile kwenye karatasi kwa ukubwa wa kawaida. Akisoma wa ubaoni na kukwama kwenye karatasi, mpeleke akapimwe macho kabla hujamhukumu kuwa mzito. Akikwama kote kuwili, rudi kwenye herufi. Fanya hivyo kwa wote watano, kwa sababu mtu mzima hukubali kuitwa hajui kusoma kabla hajakubali kwamba haoni.

Sasa ukurasa wenyewe. Kwa wanaoanza chapa kwa ukubwa wa 16, kwa wengine 14, na nafasi kati ya mistari iwe moja na nusu. Mstari mmoja usizidi maneno sita au saba, maana maneno yetu ni marefu. Upande wa kulia uache bila usawa, usiulazimishe ulingane, kwa sababu mashine hupanua nafasi kati ya maneno na msomaji mchanga hupotea humo. Neno usilikate mwishoni mwa mstari kwa kistari. Kata mstari pale pumzi ya maana inapoishia: "Maji yatakatwa" mstari mmoja, "kuanzia saa mbili asubuhi" mstari wa pili.

Aina ya herufi pia ina neno lake. Tazama a ya mashine nyingi: ina kikofia kinachokunjama juu, ilhali a unayoandika ubaoni ni duara lenye mguu. Kwa anayeanza hizo ni herufi mbili. Na katika aina nyingine I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 zinafanana kabisa. Ipo aina ya herufi iliyochorwa na SIL, shirika linaloshughulikia lugha, kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, haina malipo, na jina lake ni la Kiswahili: Andika. Humo a ni ile ya mkono. Ukikosa printa, mwandiko wako ulionyooka kwa makapeni unafaa vile vile, alimradi herufi za kwenye manila ziwe na kimo cha sentimita 4 au 5 ili aliyekaa nyuma aone.

Wino wa printa usiutumie ovyo: andika nakala moja kwa mkono, nyingine toa fotokopi. Kunja A4 mara moja, unapata kijitabu cha kurasa nne. Chomeka karatasi ya pili ndani yake, zinakuwa nane. Wengi huharibu hapa kwa kuandika kwanza na kukunja baadaye. Kunja karatasi tupu, weka namba kwa penseli, kisha zifungue. Utaona ya nje ina 8 na 1 upande mmoja, 2 na 7 mgongoni. Ya ndani ina 6 na 3, halafu 4 na 5. Ndipo uandike. Kila kijitabu kiwe na jambo linaloisha siku hiyo hiyo. Watu wazima hukosa vipindi, na aliyekosa viwili asikute hadithi imemwacha njiani.

Kwa wale wawili wanaoanza, achana na kuimba alfabeti. Jina la herufi halisomeki: "em" na "a" hazikupi "ma". Paulo Freire, mwalimu Mbrazili, alitumia njia inayoingia katika Kiswahili kama mkono kwenye glovu, kwa kuwa Kireno nacho kina silabi nyingi nyepesi. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos huko Brazili, kundi la watu wapatao 300 lilifundishwa kwa kozi ya saa 40 kuanzia maneno machache ya maisha yao wenyewe. Orodha yake moja ina maneno 17 tu. Neno linajadiliwa kwanza, kisha linapasuliwa silabi, kila silabi inaitwa pamoja na ndugu zake. Saa 40 ni mwanzo tu, usimwahidi mtu kwamba atatoka hapo anasoma mkataba. Ila mwanzo wenyewe ni imara.

Chukua "malipo". Mwulize kila mmoja analipwaje, analipa nini, ushahidi anauweka wapi. Baada ya mazungumzo ndipo uandike neno, ulipige makofi ma-li-po, na uweke jedwali:

ma me mi mo mu
la le li lo lu
pa pe pi po pu

Zikate silabi hizo 15 ziwe kadi, waunde maneno wenyewe. Watatoa lipa, mali, pima, lima, pole, mila, mume. Wakitoa "lupe" usicheke wala usikatae, uliza tu kama kuna anayelijua. Neno la pili liwe na herufi mpya, tuseme "kituo", la tatu "ruhusa". Kwa maneno hayo matatu umeshapata konsonanti nane na irabu tano, yaani silabi 40, na ona zinavyotoa maneno ambayo mtu mzima anayahitaji: tarehe, risiti, karatasi, simu, kiasi, kalamu, mkopo. Kitabu cha paka kingewafikisha kwenye "risiti" lini?

Katika "mkopo" simama kidogo. Ile m haina irabu na bado ni silabi kamili: m-ko-po, makofi matatu. Lakini "mbali" ni makofi mawili, mba-li. Macho yanaona m ikifuatwa na konsonanti kote kuwili, sikio ndilo linalotenganisha. Ukinyamaza, atasoma "mu-ko-po" na kuandika "mukopo". Herufi mbilimbili kama sh, ch, ny, dh, th, gh, pamoja na mb, nd, nj, mw, kw, ziache mpaka hizi 40 zitulie, kisha lete moja moja. Ng na ng' zitenge kabisa, kwa wiki mbili au zaidi: "ngoma" kwanza, "ng'ombe" baadaye, na uwaonye kwamba kwenye simu watu wengi hawaandiki kile kialama. Vivyo hivyo b na d zisifike siku moja.

Mzee wako usimlaumu. Aliyeishi miaka mingi bila maandishi hutegemea kumbukumbu, na yake inafanya kazi sawasawa. Kinachotakiwa ni maandishi ambayo kumbukumbu haiwezi kuyatangulia, na njia ya kuyapata inaanzia kwenye maneno yake mwenyewe. Kaa naye, mwulize jambo la wiki hii, na uandike kwenye manila sentensi tatu hadi tano kama alivyozisema. Tahajia isahihishe kimyakimya: akitamka "ntarudi" wewe andika "nitarudi". Lakini neno lake usilibadilishe, wala mpangilio wake. Ukiweka neno lako la sanifu mahali pa lake, atasoma la kwake na wewe utadhani amekosea.

Tuseme amesema: "Mguu unaniuma tangu juzi. Dawa niliyopewa imekwisha. Kesho nitarudi kuonyesha mguu." Someni pamoja mara tatu, kidole kikifuata neno kwa neno. Hapo bado amekariri, ni sawa. Chukua nakala ya pili, ikate sentensi sentensi, zichanganye, asome ya mwisho kwanza. Nakala ya tatu ikate neno neno. Kisha wewe upange kwa maneno yale yale sentensi ambayo hajawahi kuisema: "Dawa niliyopewa juzi imekwisha." Halafu: "Kesho nitarudi kuonyesha dawa niliyopewa juzi." Akizisoma hizo, amesoma. Akisema "mguu" mahali palipo na "dawa", umejua anabahatisha, na umejua neno gani la kurudia. Bahasha moja kwa kila maandishi, nakala ile nzima ikiwa humo, vinginevyo baada ya wiki utakuwa na kapu la maneno yasiyo na mwenyewe.

Onyo kuhusu huyu huyu: usimrekodie sauti akasikilize nyumbani. Kwa wengine ni dawa nzuri, kwake utakuwa umempa cha kukariri.

Kaka wa "hatukumwambia" ndiye tungemchelewea zaidi, kwa sababu kosa si lake, ni la njia ya silabi ikiachwa peke yake. Angalia anavyokata: ha-tu-ku-mwa-mbi-a. Silabi sita, zote sahihi. Ila maana ya neno haikukatwa hapo. Imekatwa hivi: ha-tu-ku, halafu mw, halafu ambia. Silabi "mwa" imeunganisha mtu anayeambiwa na kichwa cha kitenzi, na "mbi-a" ni mkia wa kitenzi kilichopoteza kichwa. Amefika mwisho mikononi ana vipande sita ambavyo hakuna hata kimoja kinachomaanisha kitu, na kufikia hapo kile cha kwanza kimeshamtoka. Kumwambia "soma haraka" hakusaidii. Anahitaji kuona vipande vya maana kwa jicho moja.

Mtengenezee kadi. Karatasi ya A4 ikikunjwa mara tatu inatoa kadi nane, kwa hiyo karatasi tatu ngumu zinatoa 24. Tumia 20 kwanza. Sita ziwe za nafsi: ni, u, a, tu, m, wa. Nne za wakati: na, li, ta, me. Kumi za vitenzi: lipa, soma, andika, tuma, leta, peleka, nunua, fanya, jua, ona. Nafsi rangi moja, wakati rangi nyingine, kitenzi nyeusi. Kadi hizo 20 zinaunda maneno 240, na hakuna hata moja baya. Vitenzi vifupi kama la, ja na nywa viache nje, maana vina "ku" yao inayoingia na kutoka na itamchanganya.

Panga kadi tatu, mwonyeshe kwa sekunde mbili, funika, aseme neno zima kwa pumzi moja: "tumelipa". Badilisha kadi moja tu: "tutalipa", "watalipa", "wataleta". Dakika kumi zinatosha. Zikizidi linakuwa pambio. Baada ya wiki tatu hivi lete zile nne zilizobaki: si, ha, ku, ja. Sasa anaweza kujenga sikulipa, hatukulipa, hawajalipa, sijaona. Mwonyeshe mapema kwamba ha ikikutana na u inakuwa hu (hukulipa), na ikikutana na a inabaki ha (hakulipa), la sivyo atatafuta "haukulipa" kwa kadi na kuona mantiki yake ni sahihi kuliko lugha. "Silipi" na "hatusomi" zisubiri, kwa kuwa mwisho wa kitenzi nao unageuka. Ukifika kwenye yule anayeambiwa, andika kadi za ni, ku, mw, wa na kitenzi "ambia". Ile "hatukumwambia" ataipanga kwa mkono wake.

Pamoja na kadi, arudie maandishi yale yale. Kifungu cha maneno 50, asome mara tatu au nne kwa wiki, sauti yako ikiwa kwenye simu yake kwa dakika moja, kidole kikifuata. Soma kwa mwendo wa kuzungumza. Ukisoma silabi silabi ili umsaidie utakuwa umemfundisha kile kile unachotaka aache.

Hicho kifungu cha maneno 50 ndicho pia kipimo chako cha kujua maandishi gani yanamfaa nani. Hesabu maneno aliyokosea, aliyoruka, na uliyomtajia baada ya kumsubiri sekunde tano. Aliyojisahihisha mwenyewe usiyahesabu, wala lafudhi: anayetamka "dhahabu" kama "zahabu" amesoma vema. Makosa mawili au pungufu, apeleke nyumbani akasome peke yake. Matatu hadi matano, hayo ni ya darasani mkiwa pamoja. Sita na kuendelea, yaweke kando. Ukikutana na viwango vya maneno kwa dakika vilivyotungwa kwa Kiingereza, vipuuze: "hatukumwambia" kwao ni maneno manne na zaidi.

Kuhusu mambo ya kusoma, usitunge hadithi. Mwambie kila mmoja alete karatasi moja iliyomshinda wiki hii: fomu, tangazo, lebo ya dawa, risiti, barua ya shule. Wewe uinakili kwa mkono ukibadilisha majina na namba zote, kwa sababu siri ya mtu mmoja haiwezi kuwa somo la wote. Kisha iandike kwa ngazi. Chukua tangazo la namna hii:

"Wakazi wote mnatangaziwa kuwa huduma ya maji itasitishwa kuanzia siku ya Jumanne saa 2:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni ili kupisha matengenezo ya bomba kuu."

Ngazi ya kwanza: "Jumanne maji yatakatwa. Yatakatwa saa mbili asubuhi. Yatarudi saa kumi jioni."

Ngazi ya pili: "Jumanne maji yatakatwa kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, kwa sababu bomba kuu linatengenezwa."

Ngazi ya tatu ni tangazo lenyewe, mkipigia mstari "itasitishwa" na "ili kupisha". Kundi zima linazungumza jambo moja siku hiyo, kila mtu na karatasi yake, na hakuna anayejiona amebaki na watoto. Usikate sentensi mpaka ukatupa "kwa sababu", "lakini" na "ili". Anayesoma polepole huyashika hayo kama kamba. Ukiyaondoa anabaki na sentensi fupi ambazo haziongei. Na saa ziangalie: kuna karatasi zinazoandika 8:00 na msomaji anatakiwa aseme "saa mbili". Hilo lina nusu kipindi chake, na lichoreeni saa ya mishale. Maswali yako yawe yale yasiyojibika bila kusoma. Ukiuliza "maji ni muhimu kwa nini?" hata asiyefungua karatasi atapata.

Karatasi hizo hizo ndizo za kuwafuata wale wawili. Usiende kuwaomba radhi kwa ajili ya kitabu, inaamsha aibu upya. Nenda na kijitabu kimoja kisicho na mtoto jaladani wala neno "darasa la", waulize ni karatasi gani nyumbani inawapa shida, na waambie siku ambayo mtaishughulikia. Wakija, usiwasimamishe kusoma mbele ya watu bila kuwapa dakika tano za kuipitia kimya.

Sasa mama. Ganzi ya mkono ina sababu mbili na unaweza kuzitenganisha. Mtazame anavyoshika: vidole vikiwa vyeupe kwenye ncha, anakaba kalamu. Mpe penseli laini, mistari yenye upana wa sentimita moja, na dakika tano tu kwa mara moja. Vidole vikiwa vya kawaida, anaogopa kukosea. Hapo ingiza karatasi nyeupe ndani ya mfuko wa plastiki angavu, mpe kalamu ya kufutika. Kosa linaloondoka kwa kitambaa halitishi kama lile linalobaki daftarini.

"Nime kuja" na "nili ambiwa" zina mantiki: anasikia kituo kidogo pale na anakiandika. Mfundishe swali moja: je, kipande hiki kinaweza kusimama peke yake mtu akakielewa? "Nime" haiwezi, basi inashikana na "kuja". "Leo" inaweza. Kwa "kwa sababu" jaribu la kusimama peke yake halitoshi, mwonyeshe kwamba "kwa" ile ile inakwenda na maneno mengine pia: kwa mguu, kwa simu, kwa sababu. Zoezi lake ni hili: mwandikie "nimekujaleokwasababuniliambiwa", achore mikwaju mahali pa nafasi. Mistari mitatu kwa kipindi, mmoja ukiwa wake mwenyewe wa wiki iliyopita.

Katika imla mpe jozi ambazo herufi moja au mbili zinageuza habari: atakuja na hatakuja, kufa na kufaa, samani na thamani. Ile h ya "hatakuja" wengi hawaisikii, hivyo hawaiandiki, na mtu anayesubiriwa huwa amesema haji. Maneno matano na sentensi mbili, yote kutoka maandishi aliyoyasoma siku hiyo.

Kunakili kutoka ubaoni kupunguze, hakumfundishi kutunga. Mpe kiunzi: "Samahani, leo sitaweza kuja kwa sababu ______. Nitakuja ______." Siku ya kwanza ajaze mapengo. Siku ya pili afunike na aandike yote kwa kumbukumbu. Siku ya tatu abadilishe sababu na mtu anayemwandikia. Ukisahihisha, chagua kosa la aina moja, tuseme nafasi kati ya maneno, mengine yafumbie macho mpaka hilo liishe. Karatasi iliyojaa wino mwekundu itamrudishia ganzi.

Na kwa kuwa ujumbe wa simu anausoma, mwanzishe huko huko, ambako mwandiko hauonekani. Azime kwanza kisahihishaji cha simu kama ni cha Kiingereza, maana kitamgeuzia maneno aliyoyaandika sawasawa. Ujumbe wa kwanza autume kwako, na wewe umjibu kwa swali ambalo itabidi alijibu kwa kuandika tena.